Spea za Pikipiki: Jinsi Mbio Zilivyozaa Viwanda, na Nafasi ya Mafundi wa Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

TANGU Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni, 2025, mwendesha pikipiki anayetoka Misungwi kwenda Sengerema hana tena sababu ya kupanga foleni ya kivuko. Kilomita tatu za daraja kati ya Kigongo na Busisi anazimaliza kwa dakika chache, akiwa na abiria au gunia la dagaa nyuma yake. Manufaa ya mradi huo kwa biashara na huduma za jamii yamekwisha kuelezwa mara nyingi na hatuna haja ya kuyarudia. Lipo jambo dogo lililofuatana nayo ambalo halijazungumzwa vya kutosha: pikipiki iliyokuwa ikifanya safari fupi za mtaani sasa inaweza kwenda mbali zaidi, kwa mwendo mkubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi bila kupumzika. Cheni, pistoni, breki na matairi yaliyotosha kwa safari ya Buzuruga hadi Igoma yanapewa mtihani mwingine kabisa.

Spea hizo zinatoka wapi? Nani amezipima? Je, ipo sehemu yoyote ya spea hizo inayoweza kutengenezwa hapa Kanda ya Ziwa, na mafundi wa hapa, kwa ubora unaothibitika? Makala haya yanayachambua maswali hayo kwa kuangalia njia ambayo watengenezaji wakubwa wa vipuri vya pikipiki duniani waliipitia, yaani mashindano ya mbio, na kuuliza ni kipi katika njia hiyo kinachotufaa na ni kipi kisichotufaa.

Mwanza ni kipimo kigumu

Jiji la Miamba halikuhurumii chombo cha moto. Mitaa mingi imejengwa juu ya vilima vya mawe, na pikipiki hupanda kwa gia ya kwanza ikiwa na abiria, kisha hushuka kwa kutegemea breki. Nje ya lami ni vumbi la kiangazi na tope la masika. Mzigo nao una tabia zake: sangara kwenye tenga, magunia ya mpunga, mbao, na wakati mwingine abiria wawili au watatu kwa mtindo ambao mitaani huitwa mshikaki, licha ya katazo la sheria.

Liko pia jambo ambalo dereva halioni kwa macho. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huipa injini petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana huku. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi inayojaa masizi na fedha ya mafuta inayopotea. Fundi mzuri wa Mwanza anajua namna ya kulirekebisha jambo hilo kwa sikio na kwa kuangalia rangi ya plagi, ingawa pengine hajawahi kuliandika popote.

Hali ni hiyo hiyo kwa sproketi. Chukua mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: uwiano wake ni tatu kwa moja. Fundi akifunga sproketi ya nyuma yenye meno 45, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia saba na mwendo wa juu hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa anayefanya kazi katika vilima vya jiji hiyo ni faida; kwa anayekwenda Sengerema kila siku ni hasara ya mafuta. Huu ni uhandisi. Unafanyika kila siku kwenye vijiwe na gereji za mkoa huu, chini ya mwembe au kando ya kontena, bila mtu yeyote kuuita kwa jina hilo.

Ringi hamsini, zilizopita tatu

Wengi wanaijua Honda kama kampuni ya pikipiki na magari. Wachache wanajua kwamba mwanzilishi wake, Soichiro Honda, alianza kama kijana wa gereji na baadaye kama mtengenezaji wa spea aliyeshindwa.

Mwaka 1922 Honda aliingia katika gereji ya Art Shokai jijini Tokyo kujifunza kazi. Humo mlikuwa kunatengenezwa pia magari ya mashindano, na mwaka 1924 alikuwa fundi aliyepanda ndani ya gari lililoshinda mbio. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya akiwa yeye mwenyewe usukani, na hapo mbio zake kama dereva zikafikia ukingoni. Mwaka uliofuata alianzisha kiwanda cha kutengeneza ringi za pistoni. Alipopeleka sampuli 50 kwa Toyota ili zikaguliwe, zilizokubaliwa zilikuwa tatu tu.

Inafaa tusimame kidogo hapo. Ringi 47 kati ya 50 zilikataliwa. Fundi aliyekuwa na mikono hodari, aliyejenga gari la mbio na kushinda nalo, hakuweza kutengeneza kipande kidogo cha chuma cha mviringo kwa kiwango kinachorudiwa. Tatizo halikuwa bidii. Lilikuwa elimu ya madini. Honda alikwenda kusoma katika shule ya ufundi ya Hamamatsu, akiwa mtu mzima na mwenye kiwanda, ili aelewe kwa nini chuma chake kilikuwa kigumu mahali fulani na laini mahali pengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo ilipozaliwa kampuni ya pikipiki. Mwaka 1954 ilitangaza kwamba ingeshiriki mbio za Kisiwa cha Man, zilizokuwa kilele cha mashindano ya pikipiki duniani. Honda alikwenda kuzitazama mwaka huo na akakuta injini za wenzake zikitoa nguvu karibu mara tatu ya zile za kwake zenye ukubwa huo huo. Alirudi Japani na mizigo iliyojaa matairi, cheni, rimu na kabureta za Ulaya, ili mafundi wake wazifungue na kuzichunguza. Ilichukua miaka mitano kabla ya kupeleka timu. Mwaka 1959 pikipiki zake za cc 125 zilimaliza katika nafasi ya sita, ya saba, ya nane na ya 11, na zikatwaa tuzo ya timu. Mwaka 1961 zilishinda daraja la cc 125 na la cc 250.

Yamaha, jina ambalo wavuvi wa Ziwa Victoria wanalifahamu kwa injini za mitumbwi kabla ya kitu kingine chochote, ina historia inayofanana nayo. Kampuni iliandikishwa tarehe 1 Julai, 1955, na tarehe 10 ya mwezi huo huo pikipiki yake ilishinda daraja la cc 125 katika mbio za kupanda Mlima Fuji. Anayeishi katika mji wa vilima ataelewa mara moja kwa nini mteja aliyaamini matokeo ya mlima kuliko tangazo la gazetini.

Mbio ziliwapa watu hawa nini hasa? Si kombe. Ziliwapa muda uliofupishwa. Kipuri kinachohitaji miezi minane barabarani ili kionyeshe udhaifu wake hukionyesha kwa saa mbili za mashindano, kwa sababu joto, mtikisiko na mzigo vyote viko kwenye kilele. Baada ya mbio, injini hufunguliwa, kila sehemu hupimwa, kilichochakaa huandikwa, na kilichovunjika hupelekwa kwa mtaalamu wa chuma. Wiki inayofuata hurudi uwanjani na toleo jipya. Asiyepima na kuandika anabaki na kelele na vumbi tu, hata akishinda.

Ni kwa sababu hiyo Honda ilijenga uwanja wa Suzuka, uliokamilika mwaka 1962. Watazamaji walipata burudani, lakini kampuni ilipata mahali pa kujaribia bidhaa pasipo kuhatarisha wapita njia.

Karakana ndogo dhidi ya kampuni kubwa

Msomaji anaweza kusema kwamba Japani si Tanzania na Honda si fundi wa Nyakato. Ni hoja ya haki. Basi tuangalie walioanza wadogo na wakabaki watengenezaji wa vipuri tu, bila kuunda pikipiki nzima.

Hideo Yoshimura alifungua duka la kurekebisha pikipiki nchini Japani mwaka 1954, wateja wake wakiwa pamoja na askari wa Marekani waliokuwa wakipenda mbio. Mwaka 1978, katika mashindano ya kwanza ya Saa Nane za Suzuka, pikipiki ya Suzuki iliyoandaliwa na karakana yake ilizishinda timu za viwanda vikubwa, kwenye uwanja wa Honda wenyewe. Jina lake likauza eksozi duniani kote.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi kwa wakati. Igor Akrapovič alikuwa mwendesha pikipiki za mbio nchini Slovenia. Hakuridhika na eksozi alizokuwa akizipata sokoni, akaanza kutengeneza zake mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika karakana ndogo. Mwaka 2000 pikipiki ya Honda yenye eksozi zake ilitwaa ubingwa wa dunia wa Superbike ikiendeshwa na Colin Edwards. Slovenia ina watu wapatao milioni mbili. Mkoa wa Mwanza peke yake, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, una watu 3,699,872. Kwa hiyo hoja ya udogo wa soko la nyumbani haitoshi kueleza kwa nini kitu fulani hakijafanyika. Akrapovič hakuuza kwa jirani zake. Aliuza kwa sababu matokeo yake yalipimwa mbele ya watu waliokuwa na sababu zote za kutomwamini.

Afrika Mashariki ilikuwa maabara ya wengine

Ukanda huu haukuwa mtazamaji tu katika historia hiyo. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana duniani kama Safari Rally. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta magari yao kwenye matope na makorongo yetu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipovunja shokapu kwa kasi kama hapa. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Datsun iliyashinda kwa mara ya kwanza mwaka 1970, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo iliyokwisha kutumika.

Kwa miaka mingi, mnunuzi wa Afrika Mashariki alichagua gari kwa kuangalia nani amemaliza Safari. Sifa ilithibitishwa kwenye udongo wetu. Madereva wetu walishiriki, mafundi wetu walitengeneza usiku kucha, lakini daftari la vipimo liliondoka na ndege. Kilichojifunzwa kuhusu chuma, mpira na mafuta kilirudi Ulaya na Japani, na kikatujia tena kikiwa ndani ya boksi lenye bei.

Si lawama kwa mtu. Wakati huo hapakuwa na taasisi ya kulipokea daftari hilo. Leo zipo.

Kilichopo na kinachopungua

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) liliundwa kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1973 na lina ofisi na maeneo ya kazi mkoani Mwanza. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inafundisha ufundi wa magari, uchomeleaji na ukerezaji wa vyuma. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, linatoa alama ya ubora na lina ofisi ya Kanda ya Ziwa. Jijini Arusha ipo TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo iliyoanzishwa mwaka 1980. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), pamoja na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2019 mashindano ya kitaifa ya ubunifu yanayojulikana kama MAKISATU, ambayo yana kundi maalumu la wabunifu wa sekta isiyo rasmi. Kwa upande wa mtaji, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Orodha hiyo inaonyesha kwamba taasisi si chache. Kinachopungua, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kiungo kati ya gereji na maabara. Fundi ana uzoefu usio na karatasi. Maabara ina vipimo visivyo na bidhaa ya kupima. Vijana wengi wa vyuo hutengeneza mfano mmoja mzuri kwa ajili ya maonyesho, mgeni rasmi akaupongeza, kisha ukabaki stoo. Taifa linao ukumbusho wa jambo hilo. Shirika la Nyumbu la Kibaha lilionyesha katika karne iliyopita kwamba Watanzania wanaweza kusanifu na kuunda lori. Kutoka lori la mfano hadi uzalishaji endelevu ndipo palipokuwa pagumu, na ugumu huo haukuwa wa akili. Ulikuwa wa mtaji, soko na kurudia kitu kile kile kwa ubora ule ule, mara elfu moja.

Ringi 47 za Honda zilikataliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Pa kuanzia: keria, si pistoni

Hapa inafaa tuseme ukweli. Karakana ndogo ya Mwanza isianze na pistoni, ringi wala cheni. Hizo zinahitaji chuma maalumu, tanuri za kukipika na mashine za kukereza kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, na kosa lake hugharimu maisha. Pedi za breki na breki shuu nazo zisiguswe mpaka kuwe na vifaa vya kupima joto na msuguano.

Kuna kundi jingine ambalo tayari linatengenezwa mitaani: keria za mizigo, bampa za kukinga injini na miguu, stendi, viti, vishikio vya abiria, ngao za matope, na bushi za mpira. Keria inaonekana kitu kidogo. Lakini ikikatika kwenye uchomeleaji ikiwa na mzigo wa kilo 80 kwenye mteremko, gunia huangukia gurudumu la nyuma na dereva hupoteza mwelekeo. Keria nyingi huchomelewa kwa makadirio ya macho. Mabomba huwa mazito pale pasipohitajika na membamba pale panapobeba.

Kipimo chake hakihitaji mabilioni. Funga keria kumi za miundo tofauti kwenye pikipiki zinazofanana, pakia mzigo unaojulikana, endesha kwenye njia mbovu iliyofungwa kwa idadi ya mizunguko iliyopangwa, simamisha kila baada ya muda, paka rangi inayoonyesha nyufa, andika. Ile inayodumu ipelekwe TBS ipimwe rasmi. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuendeleza bidhaa kwa mbio. Haina shampeni, wala pengine haina watazamaji, lakini mshindi wake anaweza kuuza kutoka Musoma hadi Bukoba akiwa na karatasi mkononi.

Wakazi wa Kanda hii wana mazoea ya kupima vitu kwa kuvishindanisha. Mashindano ya mitumbwi ya kasia yamewavuta maelfu ufukweni kwa miaka mingi, na anayeshindwa hurudi kwa mchonga mtumbwi wake na maneno makali. Mbio za baiskeli nazo zina mashabiki wake Usukumani. Kwa hiyo wazo si geni. Kipya ni kuweka daftari kando ya mstari wa kumalizia.

Barabara ya umma si uwanja

Yote yaliyosemwa hapo juu yana sharti moja ambalo halina mjadala. Majaribio hayafanyiki barabarani. Vijana wanaoshindana usiku kwenye lami, wakiwa wametoa vizuia sauti vya eksozi, hawaendelezi bidhaa yoyote. Hakuna wanachopima. Zaidi ya hayo, kutoboa au kukata eksozi ya pikipiki ndogo yenye kabureta bila kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta huifanya injini iwake kwa joto kubwa kuliko ilivyosanifiwa, na valvu huungua mapema. Sauti huongezeka, nguvu mara nyingi hupungua. Eksozi ya mbio ya kina Akrapovič hufanya kazi kwa urefu na upana wa bomba uliokokotolewa ili mawimbi ya hewa yarudi kwa wakati unaofaa, jambo ambalo msumeno wa chuma hauwezi kulifanya. Tukumbushane pia kwamba kelele zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kwamba mwendo katika maeneo ya makazi hauzidi kilomita 50 kwa saa, na kwamba kofia ngumu ni lazima kwa dereva na kwa abiria.

Wanaotaka mbio halali wanayo njia. Vyama na vilabu vya michezo husajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na tukio linahitaji eneo lililofungwa, ulinzi wa Polisi, gari la wagonjwa na bima. Eneo la ekari chache la udongo, mbali na makazi, linatosha kuanzia. Halmashauri inayotenga eneo la namna hiyo inaweza kuliweka katika mpango wake wa viwanda vidogo, pembeni ya karakana na maeneo ya kazi, kwa sababu kazi yake itakuwa ni kupima. Mashabiki wakija, ni faida ya nyongeza.

Mnunuzi afanye nini leo

Wakati hayo yakisubiriwa, dereva wa bodaboda anahitaji spea asubuhi hii. Bidhaa zinazoingia nchini ziko chini ya utaratibu wa TBS wa kuhakiki ubora kabla ya kusafirishwa, ulioanza mwaka 2012, na Tume ya Ushindani (FCC) inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Hata hivyo hakuna mkaguzi anayeweza kusimama katika kila duka la Makoroboi.

Mnunuzi adai risiti ya kielektroniki, kwa kuwa bila risiti hakuna pa kurudi. Afananishe kipuri kipya na cha zamani kabla hakijafungwa: uzito, idadi ya meno, unene wa ukuta, maandishi yaliyochapwa kwenye chuma na si kwenye boksi pekee. Asikubali fundi atupe kipuri kilichoharibika, maana hicho ndicho ushahidi wake. Cheni inayorefuka upesi huila sproketi mpya; bei yake ndogo hulipwa mara mbili. Na kwa vumbi la barabara zetu za vijijini, kichujio cha hewa kilichochanika ni adui mkubwa wa pistoni kuliko mwendo kasi, kwa kuwa mchanga laini ukichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa ndani ya silinda.

Umeme unakuja na mtihani mpya

Wakati tunajadili ringi na kabureta, teknolojia inasogea. Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyojulikana awali kama Opibus, ilishirikiana mwaka 2024 na Chuo Kikuu cha Stellenbosch kuipeleka pikipiki yake ya umeme kutoka Nairobi hadi Afrika Kusini, safari ya takriban kilomita 6,000, ikichajiwa kwa jua. Lilikuwa jaribio la ustahimilivu la aina ile ile ambayo Safari Rally ilikuwa kwa magari ya petroli, ila safari hii daftari lilibaki Afrika. Kando ya Ziwa upande wa Kenya, kampuni ya WeTu iliyoanzishwa kwa msaada wa Siemens Stiftung imekuwa ikijaribu usafiri wa umeme pamoja na taa za wavuvi. Nchini Rwanda, Ampersand imejenga mtandao wa kubadilishana betri kwa madereva wa pikipiki.

Pikipiki ya umeme haina pistoni, ringi, kabureta wala eksozi. Sehemu kubwa ya spea zinazouzwa leo hazitahitajika ndani yake. Zitakazobaki ni fremu, breki, matairi, shokapu, viti, keria na bampa, pamoja na vitu vipya kama makasha ya betri na mabano ya kuyashikilia. Kwa maneno mengine, vitu ambavyo karakana ndogo inaweza kuanza kuvitengeneza sasa ndivyo vitakavyoendelea kuwa na soko injini zitakapobadilika. Fundi anayewekeza leo katika jigi nzuri ya kuchomelea keria hatapoteza fedha yake; anayejaza stoo kabureta afikirie mara mbili.

Kwa mafundi na wabunifu ambao tayari wana kifaa mkononi, utaratibu uko wazi. Anayeamini kwamba muundo wake ni mpya awasilishe ombi la ulinzi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, kabla hajauonyesha hadharani au kuuweka kwenye mitandao ya kijamii. Baada ya hapo afike SIDO mkoani kwake akiwa na sampuli zisizopungua chache zilizotengenezwa kwa siku tofauti, pamoja na kumbukumbu ya mahali zilikojaribiwa, mzigo zilioubeba na kilichovunjika. SIDO ndiyo huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS ili waingie katika utaratibu wa kupata alama ya ubora. Sampuli moja iliyong'arishwa kwa ajili ya maonyesho haitamsaidia mkaguzi. Ile iliyochakaa, ikiwa na maelezo ya kilomita ilizokwenda kati ya Kigongo na Sengerema, itamsaidia zaidi.